Kumwombea mtoto shifaa na kumwekea sanda: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 29, mkazi wa Tanga, na nina binti wa miaka minne. Mimba yangu ya pili sasa ina wiki 26. Nimepigwa altrasaundi mara mbili, hapa nyumbani na kisha Dar es Salaam, na zote zimeonyesha kwamba fuvu la mtoto halikuumbika na ubongo wake haukukua. Nimeambiwa hataishi. Mama mkwe anasema ajuaye yaliyomo matumboni ni Mwenyezi Mungu peke yake, nisiyakubali maneno ya mashine, na anataka nikasomewe. Wifi yangu amenikataza hata kulitaja jambo hili, kwa kuwa kulitaja ni kuliita. Mume wangu hasemi kitu. Kila usiku namwomba Mungu amponye mwanangu, lakini wiki iliyopita nilinunua yadi mbili za bafta nyeupe ya sanda nikazificha kabatini, na tangu siku hiyo najiona mnafiki. Je, imani yangu imepungua? Kuna dhambi niliyotenda? Na siku ya kujifungua itakuwaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nitaanza na hiyo bafta, ingawa kwa mpangilio wa kitabibu ingekuja mwisho, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Hukufanya unafiki. Mnafiki huonyesha watu jambo ambalo moyoni mwake halimo, na wewe yote mawili yamo moyoni mwako kwa dhati: unataka mwanao apone, na unajua kwamba huenda asipone. Unapomwomba Mola wako shifaa unakiri uwezo wake, na unapoweka kitambaa cheupe kabatini unakiri kwamba jibu lake linaweza kuja kwa namna ambayo hukuiomba. Bibi zetu wengi wa pwani wakirudi Hija huja na sanda zao zimeloweshwa maji ya Zamzam, wakazikunja na kuziweka sandukuni pamoja na udi, zikakaa humo miaka ishirini, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi yake kwamba amekata tamaa na rehema ya Mungu au kwamba anajiombea kufa. Huonekana ni mwanamke mcha Mungu aliyejiandaa. Sioni kwa nini uchaji wa bibi ugeuke upungufu wa imani unapofanywa na mama kijana kwa ajili ya mtoto wake.

Kuna hadithi sahihi, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Usama bin Zayd, ambayo nadhani inakuhusu wewe kuliko mawaidha mengi utakayosikia miezi hii. Binti wa Mtume (s.a.w.) alimpelekea baba yake ujumbe kwamba mwanawe yumo katika kukata roho, akamwomba aje. Mtume alimrudishia salamu na maneno haya: ni vya Mwenyezi Mungu alivyovichukua, na ni vyake alivyovitoa, na kila kitu kwake kina muda wake maalumu, basi na asubiri na atarajie malipo. Kwa mafundisho, maneno hayo yalitosheleza. Lakini yule mama hakuishia hapo: alituma tena, safari hii akaapa kwamba lazima baba yake aje. Naye hakumkemea kwa kutoridhika. Alisimama akaenda pamoja na masahaba, akapewa mtoto mikononi huku pumzi ikimgugumia kifuani, na macho yake yakabubujika machozi. Saad bin Ubada akashangaa, akauliza ni nini hii. Mtume akamjibu kwamba hii ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia katika nyoyo za waja wake. Utaona kwamba katika kisa hicho kimoja mna kukubali kadari, mna mama anayeng'ang'ania asiachwe peke yake, na mna machozi ya mbora wa viumbe, na hakuna hata moja kati ya hayo lililohesabiwa kuwa kasoro ya imani.

Sasa nije kwa hoja ya mama mkwe, ambayo inastahili jibu la heshima kwa sababu inatoka katika Qur'ani. Aya ya mwisho ya Sura Luqman inataja elimu ya yaliyomo matumboni miongoni mwa mambo yaliyo kwa Mwenyezi Mungu, na sisi madaktari Waislamu tunaiamini kama anavyoiamini yeye. Elimu hiyo inaenea kila kitu: riziki ya mtoto, ajali yake (yaani muda wake wa kuishi), wema au uovu wake, saa na dakika atakayovuta pumzi ya mwisho. Altrasaundi haidai lolote katika hayo. Inachofanya ni kuonyesha kilichokwisha kuumbwa, kama mkunga anavyopapasa tumbo akajua kichwa kipo chini au juu, na mama mkwe hajawahi kumkataza mkunga kupapasa. Tena Qur'ani yenyewe, katika Sura Al-Hajj aya ya 5, inataja pande la nyama lililoumbika na lisiloumbika, kwa hiyo habari kwamba si kila umbo hutimia tumboni si uzushi wa mashine.

Hali ya mwanao inaitwa anensefali. Katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, uti wa mgongo na ubongo huanza kama bapa jembamba linalojikunja na kuwa mrija, na mrija huo hutakiwa kuziba wote, kichwani hadi mkiani, ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Ukibaki wazi upande wa mgongoni, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukibaki wazi upande wa kichwani, paa la fuvu halijengeki, na ubongo wa juu, ule wa fahamu na mawazo, hukosa kukua au huharibika kwa kugusana na maji ya uzazi. Hii ni miongoni mwa kasoro ambazo altrasaundi huziona kwa uhakika mkubwa, kwa sababu mpimaji hahitaji kukisia: mviringo wa mfupa juu ya macho ama upo ama haupo. Wapimaji wawili katika miji miwili wakisema haupo, kufika wiki ya 26, mimi nisingekushauri utumie nauli na nguvu zako kutafuta wa tatu.

Nalisisitiza hili kwa sababu najua yatakayokufika. Mtu atakwambia kwamba mtoto wa jirani yake alikuwa na tatizo la kichwa hilohilo, akapelekwa Muhimbili, akafanyiwa upasuaji katika taasisi ya mifupa ya MOI, na sasa anasoma darasa la pili. Atakuwa anasema kweli, ila yule alikuwa na kichwa kikubwa, yaani maji yaliyojaa ndani ya ubongo uliopo, na hayo huwekewa mrija yakapungua, au alikuwa na mgongo wazi, ambao hufungwa kwa upasuaji. Anensefali haina upasuaji popote duniani, si Muhimbili, si India, si Ulaya. Baadhi ya watoto wenye hali hii hufia tumboni au wakati wa uchungu. Wanaozaliwa hai wengi wao hufariki ndani ya saa au siku chache. Sikuandikii haya kukuvunja moyo. Nakuandikia ili asitokee mtu wa kukufanya uamini kwamba mwanao amekufa kwa sababu hukuuza shamba.

Kuhusu dhambi, jibu langu ni hapana, na nalitoa nikiwa na sababu za kitabibu na za kidini. Mrija ule hutakiwa kuziba karibu na siku ambazo mwanamke ndiyo kwanza anajiuliza mbona hedhi imechelewa. Jambo hili lilikwisha kabla hujajua kwamba una mimba. Mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wake ni upungufu wa asidi ya foliki mwilini, kisukari kisichodhibitiwa, unene uliopita kiasi, baadhi ya dawa za kifafa hasa valproeti, na urithi ambao bado haujaelezwa wote. Mara nyingi hatupati sababu yoyote ya kuinyooshea kidole. Husda ya jirani haimo, wala ugomvi wako na mumeo, wala kupita chini ya mbuyu magharibi. Na kama wapo watakaonong'ona kwamba ni adhabu ya jambo fulani la ujanani, Qur'ani imesema wazi kwamba hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Mtoto huyu hajatumwa kulipa deni la mtu.

Kusomewa, basi. Mimi sina ugomvi na kisomo. Qur'ani ni shifaa, na mwanamke mwenye mimba nzito na moyo mzito akisomewa Sura Maryam na Ayatul Kursiyu na mtu anayemwamini, hulala vizuri zaidi usiku huo, na usingizi ni dawa. Kwa hiyo mkubalie mama mkwe, na kombe la zafarani na maji ya waridi likiwa ni hilo tu, lisikutie hofu. Ila uweke mipaka mitatu, na mumeo ndiye aitamke ili isionekane umemvunjia mama yake heshima: usinywe dawa ya mitishamba usiyoijua, usikubali kukandwa wala kufungwa tumbo, na usikubali msomaji anayekuahidi matokeo. Sheria ya Mungu haikumpa yeyote funguo za ahadi hiyo, na anayeitoa kwa malipo ndiye wa kuulizwa juu ya imani yake. La kukandwa nalitilia mkazo kwa sababu ya maji mengi, nitakayoyaeleza hapa chini.

Neno la wifi yako, kwamba kulitaja ni kuliita, limewanyamazisha wanawake wengi wa pwani, na mara nyingi husemwa kwa mapenzi. Hata hivyo, katika dini yetu mambo hayaitwi kwa kutajwa. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, akasema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake. Alilitaja, tena kwa sauti, na akabaki nabii. Kunyamaza kuna gharama zake pia: mama asiyeruhusiwa kusema hana nafasi ya kumuuliza mkunga atamvika nini mtoto, wala kumwomba imamu awe tayari. Huna wajibu wa kumweleza kila anayekuuliza sokoni unatarajia lini. Kwa hao inatosha, “Kheri inshallah, niombeeni dua,” ukapita. Lakini chagua watu wawili au watatu ambao kwao utasema yote bila kupima maneno.

Mmoja wao napenda awe mumeo. Ukimya wa wanaume wetu katika mambo haya mara nyingi si ubaridi. Wengi huona kwamba akilia yeye nyumba itaanguka. Usimuulize anajisikiaje, kwa sababu atajibu hajambo. Mpe kazi: amwendee imamu, aulize habari za janaza, aende nawe kliniki siku ya kuandika mpango wa uzazi, achague jina nawe. Mwanamume anayefanya kazi kwa ajili ya mwanawe ataanza kuzungumza akiwa njiani. Na binti yenu wa miaka minne mwambieni kwa maneno mafupi na ya kweli, kwamba mtoto aliye tumboni ni mgonjwa sana na huenda akarudi kwa Mwenyezi Mungu mapema. Msimwambie kwamba atalala tu, kwa maana ataanza kuogopa kulala.

Hukuniuliza kama ungepaswa kuitoa mimba, lakini wapo watakaokuuliza, kwa hiyo nitapita hapo kwa haraka. Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), mjini Makka, liliamua mwaka 1990 kwamba kabla ya mimba kutimiza siku 120 inaruhusiwa kuitoa ikiwa madaktari wa kuaminika wamethibitisha kilema kizito kisicho na tiba, na baada ya siku hizo hairuhusiwi ila maisha ya mama yakiwa hatarini. Siku hizo huhesabiwa tangu mimba kutungwa, ilhali wiki zetu za kliniki huanzia hedhi ya mwisho, hivyo siku ya 120 huangukia karibu na wiki ya 19. Wewe ulikwisha kuivuka, na sheria ya Tanzania nayo inajali kuokoa maisha ya mama tu. Mama aliyejua mapema na akachukua ruhusa ile si haki yetu kumhukumu, na wewe uliyeendelea hujafanya jambo la kijinga.

Maana yake ni kwamba una wiki kumi au zaidi za kuwa mama wa mtoto huyu akiwa hai. Atacheza tumboni, pengine kwa nguvu, kwa kuwa mishipa ya viungo na shina la ubongo huendesha harakati hizo bila kuhitaji ubongo wa juu. Wapo akina mama ambao kila teke huwarudishia shaka kwamba madaktari wamekosea, na wengine huanza kulichukia. Nakuomba usifanye teke kuwa ushahidi wa kesi yoyote. Ni mwanao anasogea. Msomee, mwimbie zile kasida unazomwimbia dada yake, mwite kwa jina mkishalipata. Dua ya kumwomba apone usiiache ikiwa moyo wako bado unaitaka, na ikifika siku moyo ukataka kuomba tu azaliwe salama, mumwone, na aondoke bila taabu, hiyo nayo ni dua kamili na haijashusha daraja lako. Wapo wanaoona kwamba kuomba kidogo ni kumpunguzia Mungu uwezo. Mimi naona mja ana ruhusa ya kuomba kile ambacho siku hiyo ana nguvu ya kukitamani.

Kwa upande wa mwili wako, jambo la kulinda ni maji. Mtoto mwenye anensefali mara nyingi hamezi maji ya uzazi ipasavyo, hivyo yanajaa, tumbo likawa kubwa kuliko wiki zake, ngozi ikang'aa, na kulala chali kukawa shida ya pumzi. Maji mengi huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, kondo kubanduka chupa ikipasuka ghafla, na kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa kwa kuwa mfuko wa uzazi umevutika mno na unachelewa kujikaza. Kwa hiyo usijifungulie zahanati wala nyumbani, hata kama utaambiwa mtoto mwenyewe si wa kuishi. Unayetakiwa kuishi ni wewe, na panatakiwa mahali penye damu na chumba cha upasuaji. Ukiona damu, maji kumwagika, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, au tumbo kukakamaa bila kuachia, nenda siku hiyohiyo. Ikiwa maji si mengi, mimba inaweza kupitiliza tarehe, kwa sababu ishara za kuanzisha uchungu kwa sehemu hutoka katika ubongo wa mtoto. Zungumza na daktari kuhusu kuanzishiwa uchungu mimba ikishatimia.

Kabla ya wiki ya 34 omba kikao na daktari na mkunga kiongozi wa leba, mumeo akiwepo, mwandike mpango katika kadi yako ya kliniki. Andikeni kwamba upasuaji hautafanywa kwa ajili ya mapigo ya moyo wa mtoto, ila kwa ajili yako ukihitajika, kwa sababu kovu la upasuaji litabaki katika mimba zijazo na mtoto huyu halitamsaidia. Andikeni kwamba hatasukumiwa hewa kwa mashine, bali atakaushwa, atavikwa, na kuwekwa kifuani kwako mara moja. Huduma hii inaitwa tiba shufaa: kumpa mgonjwa joto, ukaribu na utulivu pale ambapo kuponya hakuwezekani. Wodi nyingi hazina mazoea nayo kwa watoto wachanga, na mkunga wa zamu ya usiku asiyejua habari zako anaweza, kwa nia njema kabisa, kumfunga mtoto khanga na kumwondoa ili usimwone. Ndiyo maana nataka iandikwe, na kadi iwe mkononi mwa ndugu atakayekusindikiza.

Utamwona, ukitaka. Uso wake utakuwa kamili, pua, mdomo, masikio, na macho yatakuwa yamejitokeza kwa kuwa juu yake hakuna paji la uso. Juu ya nyusi panaishia, na hapo pana nyama laini nyekundu, ambayo mkunga ataifunika kwa shashi yenye maji ya chumvi ya hospitali kisha kofia. Fuma au nunua kofia ya sufi iliyo pana, ya kushuka mpaka kwenye nyusi na nyuma ya masikio. Mikono na miguu yake itakuwa ya mtoto yeyote. Ukimwekea kidole kiganjani anaweza kukishika, na anaweza kulia au kunyonya kidogo. Madaktari wengi wanaona kwamba hana fahamu ya maumivu kama tuyajuayo sisi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoyatambua haipo. Akina mama walioogopa zaidi kutazama mara nyingi wamesema baadaye kwamba walichokifikiria kilikuwa kibaya kuliko walichokiona. Ila hata ukiamua usitazame, au utazame mikono peke yake, humkosei mtu.

Baba yake akiruhusiwa kuingia amwadhinie sikioni. Uliza hilo mapema, maana leba nyingi haziruhusu wanaume, lakini mkunga akielezwa sababu anaweza kumleta mtoto mlangoni. Akikosekana, wewe uliyempakata msomee Fatiha na ulitaje jina lake. Jina ana haki nalo, na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamependekeza hata mtoto aliyezaliwa mfu apewe jina. Akika, yaani kumchinjia mtoto mnyama, pia kwa madhehebu yetu inabaki sunna hata kama amefariki kabla ya siku ya saba, na kama mfuko hauruhusu msikope.

Kuhusu janaza: akizaliwa akaonyesha dalili ya uhai, kulia au kupumua, hata kwa dakika moja, ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa na kuzikwa kama Mwislamu mwingine yeyote, na bafta yako itakuwa imefika mahali pake. Akizaliwa hana uhai, ataoshwa, atakafiniwa na kuzikwa. Kuswaliwa kuna tafsili katika Shafii, ilhali Hanbali huswalia kila aliyetimiza miezi minne tumboni. Ndiyo maana nilitaka mumeo amwone imamu mapema, ili siku hiyo watu wasianze kubishana makaburini. Na kuna jambo la desturi zaidi kuliko fiqhi ambalo nimeliona likiwaumiza wanawake kwa miaka: wanaume humchukua mtoto hospitalini na kumzika saa mbili baada ya kuzaliwa, mama akiwa bado ameshonwa kitandani, na akirudi nyumbani hana hata kumbukumbu ya uzito wake mikononi. Kuharakisha maziko ni sunna, lakini mama kumpakata mwanawe, bibi zake kumbusu, na ikiwezekana mama kushuhudia kuoshwa kwake, hakuivunji sunna hiyo. Mumeo aseme hivyo kwa baba yake na wazee wa mtaa kabla, kwa adabu na kwa uthabiti.

Baada ya hapo yatakuja mambo mawili ambayo hakuna anayewaonya wanawake. La kwanza ni maziwa. Kati ya siku ya pili na ya tano matiti yatajaa, kwa sababu mwili hauna habari ya msiba. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka vitambaa vya baridi, kamua kidogo tu ukizidiwa, na umeze parasetamoli. Ikishindikana daktari ana dawa ya kuyakausha, mradi presha yako si ya juu. Pengine jamaa atakuomba umnyonyeshe mtoto wa mtu. Ni hiari yako, ila kumbukeni kwamba kwa Shafii minyonyo mitano kamili inajenga udugu wa kunyonya, na hilo lina hesabu zake katika ndoa za kesho.

La pili ni nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa. Siku ambazo utahitaji sala kuliko siku zote ndizo siku ambazo hutaswali, mara nyingi siku arobaini, na mwisho wake kwa Shafii ni sitini. Wanawake kadhaa wameniambia kwamba hapo ndipo walipohisi wametengwa na Mungu, msala umekunjwa na mikono haina mtoto. Kuacha kwako sala siku hizo ni utiifu, una thawabu ya kutii. Dua haifungwi, dhikri haifungwi, istighfari na kumswalia Mtume havifungwi. Jiwekee nyakati zilezile tano: adhana ikilia, kaa pale pale ulipokuwa ukiswalia, useme uliyonayo, hata kama ni “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun” peke yake, hata kama ni kilio. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja anapofiwa na mwanawe akamhimidi Mola wake na kusema maneno hayo, Mwenyezi Mungu huamuru ajengewe nyumba Peponi iitwayo Nyumba ya Himidi. Haikusemwa kwamba ayatamke bila machozi.

Utasimuliwa pia kisa cha Ummu Sulaym, aliyempokea mumewe kwa utulivu usiku aliofiwa na mtoto wao. Ni kisa sahihi na cha mwanamke mkubwa, lakini mimi sipendi kinavyotumiwa kama fimbo ya kuwanyamazishia wafiwa. Qur'ani imehifadhi pia sauti ya Bibi Maryam akiwa katika uchungu wa kuzaa, chini ya mtende, akisema laiti angelikufa kabla ya haya. Na imesema kwamba moyo wa mama yake Musa ulibaki mtupu, ikawa Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyeutia nguvu. Hao ni wanawake walioteuliwa. Hata hivyo, ikiwa baada ya wiki kadhaa huli, hulali, huoni maana ya kumhudumia binti yako, au unawaza kujidhuru, usingoje arobaini ipite wala usilihesabu kuwa ni udhaifu wa imani. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, na hospitali ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia.

Mkitaka mtoto mwingine, uwezekano wa hali hii kurudi ni kati ya wawili na watano katika kila mimba 100, yaani wengi sana huzaa salama. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hii, hupunguza kurudia kwa karibu asilimia 72. Vidonge vya FEFO vya kliniki (vya madini ya chuma na foliki) havikufai kwa kazi hiyo, kwa kuwa huanza kutolewa wakati mrija umeshaziba au umeshashindwa, na dozi yake ni ndogo. Wewe utahitaji miligramu 5 kila siku, kwa cheti cha daktari, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha uzazi wa mpango hadi wiki ya 12. Tangu 2011 wasagaji wakubwa wa unga nchini wanatakiwa kuongeza foliki, lakini unga wa mashine ya mtaani hauna, basi usiutegemee. Na ukapime sukari kabla ya kubeba mimba hiyo.

Wabillahi tawfiq.